Ukurasa wa Kumi na Saba

Mwabugole, Maganzo
14 Januari 2024

Mdogo wangu Vumilia,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto, na cherehani yako iwe imeacha kukata uzi kama ulivyolalamika mwaka jana. Huku tumefungua mwaka vizuri. Mvua zimenyesha hadi korongo limekula nusu ya njia ya kwenda shule, lakini mtama umeshika na dengu tutapanda kwa wakati. Wifi yako Mariana anasumbuliwa na goti. Mwanetu Mwigulu bado yuko Nyarugusu kwenye maduara ya wachimbaji, anasema wamekaribia kuufikia mwamba wenye dhahabu. Huu ni mwaka wa tatu anaukaribia.

Barua hii nampa kondakta wa basi aifikishe kwa mwanao Vaileth pale sokoni Nyasubi, naye akupelekee Runzewe. Simu zangu hupokei tangu msiba wa mjomba ambao sikufika, na sikulaumu.

Nina jambo la furaha. Mwezi wa nane kijiji kinatimiza miaka hamsini tangu malori ya Operesheni Vijiji yatushushe hapa na magodoro yetu. Sherehe itakuwa siku ya Nane Nane. Kamati imenichagua kuwa katibu, na kazi yangu ni kuandika kijitabu cha visa vya kushangaza vya Mwabugole ili vijana wajue kwamba hapa hapakuanza na mnara wa simu. Nimekusanya vingi. Kipo cha kuku wa mzee Abel aliyechinjwa Krismasi akakutwa na almasi kwenye firigisi, na kile cha mzee aliyegoma kushuka kutoka juu ya paa la nyumba yake hadi askari wakalipakia paa kwenye lori, yeye akiwa amekaa juu yake anavuta kiko.

Kati ya wanawake walioshushwa siku ile wamebaki wawili, mama yetu na Mageni wa ng'ambo ya korongo. Kamati inataka wote wawili wakae jukwaani viti vya mbele. Namwomba mama aje. Nitamfuata mwenyewe kwa gari la kukodi. Nimeambatanisha ukurasa wa kumi na saba, unaomhusu. Msomee, kisha uniambie kama kuna tarehe niliyokosea.

Kaka yako,
Ndaki


Runzewe
11 Februari 2024

Kaka Ndaki, shikamoo.

Barua yako imelala wiki tatu kwa Vaileth chini ya marobota ya mitumba. Nimeipata Jumatano. Sisi tunaendelea. Tangu nimzike mume wangu Tarsisi nyumba imekuwa na vyumba vingi kuliko watu, lakini kazi ninazo, nashona sare za WAWATA wa parokia nzima na kila mama anataka mkono wake uwe tofauti na wa mwenzake. Mpe wifi pole ya goti. Mama anakula, analala, anagombana na kuku wangu. Ana miaka themanini na sita na bado anataka kupika mwenyewe.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Ukurasa wako nimeusoma mara ya kwanza nimekaa na mara ya pili nimesimama. Kuku wa mzee Abel amepewa ukurasa mmoja na nusu. Mzee wa paa amepewa kurasa mbili na mchoro. Mama yako mzazi amepewa mistari mitatu: "Bi. Limi alikuwa mkulima hodari wa pamba. Mwaka 1983 alihamia Wilaya ya Bukombe kwa sababu za kifamilia." Unaniuliza kama umekosea tarehe. Mwaka 1983 hata Wilaya ya Bukombe haikuwapo, mwalimu wa historia wewe.

Na familia ipi hiyo yenye sababu? Baba alikuwa amekufa. Wewe ulikuwa mwalimu wa UPE mwenye miaka ishirini, na nyumba yako shuleni, na baiskeli. Familia ilikuwa mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, nimebeba sufuria kichwani natembea nyuma ya mama kuja huku kwa mjomba.

Ngoja nikukumbushe, maana naona uzee umekuchagulia vya kusahau. Watoto wawili walikufa kwa homa wiki moja. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakaitisha kijiji kizima shuleni, watu wazima wapige kura za siri kumtaja mchawi. Mama akatoka na kura nyingi kuliko wote, kwa kosa la kuwa mjane mwenye macho mekundu. Tukatengwa. Siku arobaini hakuna aliyeruhusiwa kutugawia moto, kutupisha kisimani, kutusagia unga wala kutusalimia. Atakayetusalimia faini yake ng'ombe. Siku hizo zilipokwisha wakatufukuza. Nilikuwa na rafiki, Eufrasia, tulikuwa tunasukana. Alinipita njiani amefumba macho ili asije akanisalimia kwa bahati mbaya. Na wewe ulipita mlangoni kwetu kila asubuhi ukienda shule, unaangalia usukani wa baiskeli.

Hiki ndicho kisa cha kushangaza cha Mwabugole. Kiandike. Andika kwamba alitengwa, andika alifukuzwa, andika kwa kura. Usipoandika, mama haji, nami nitamwambia kila mtu kwa nini.

Nilimsomea ukurasa wako. Aliuliza tu Mageni atakaa kiti gani, na nilipomwambia kwamba watakaa pamoja, aliingia ndani na chakula cha jioni hakukigusa. Sijui ana nini na Mageni.

Vumilia


Mwabugole, Maganzo
20 Machi 2024

Mdogo wangu Vumilia,

Marahaba. Nashukuru kwa barua, hata kama imenichapa. Goti la Mariana limepata nafuu baada ya kuchuliwa kwa mafuta ya nyonyo. Mwigulu aliteleza duarani akaumia bega, si sana, na amekataa kurudi nyumbani. Dengu zimeota vizuri.

Umeniuliza kuhusu Mageni ingawa hukuniuliza. Yu hai, haoni vizuri, anaishi na mjukuu. Nikienda kisimani humsalimia naye huniitikia kwa jina la mama: "Mwana wa Limi, mwangaluka." Hajawahi kuniita Mwalimu, sijui kwa nini.

Kuhusu kijitabu, nakuomba upoze moyo. Mwenyekiti wa kamati ni Marselino, ambaye marehemu baba yake ndiye aliyekuwa mtemi wa sungusungu mwaka ule. Marselino ndiye anayetoa ng'ombe wa sherehe. Nitamwambiaje aweke kwenye kitabu kwamba baba yake alifukuza mjane? Tena kumbuka sungusungu walituondolea wezi wa mifugo ambao polisi walishindwa. Mambo haya yana pande mbili, na kazi ya mwandishi wa historia ni kuunganisha watu.

Ili usidhani naficha, nimekwenda ofisi ya kijiji nikapekua majalada, nikapata muhtasari wenyewe wa siku ile. Panya wamekula pembe lakini maandishi yanasomeka. Nimekutolea nakala kivuli. Tazama mwenyewe:

"Waliopiga kura 63. Limi 29. Mageni 28. Wengineo 5. Isiyoandikwa kitu 1. Mtemi alikwisha kutangaza kwamba kura zikilingana shauri linafutwa. Hazikulingana. Limi ametengwa kuanzia leo."

Unaona? Kijiji hakikuungana kumchukia mama. Kiligawanyika karibu nusu kwa nusu, ikatokea bahati mbaya. Nilidhani jambo hili lingekupa faraja.

Ndaki


Runzewe
7 Aprili 2024

Ndaki,

Shikamoo ya leo nimeiweka akiba.

Pasaka tumesherehekea. Mama mzima. Habari nyingine za nyumbani kwangu utazipata siku nikiwa na hamu ya kukupa.

Mimi ni fundi wa nguo. Mtu akiniletea gauni la zamani nageuza ndani kwanza, natazama mshono. Nilipotazama karatasi yako nilitazama mwandiko kabla ya hesabu. Ile g yenye mkia mrefu uliokuwa unanifundisha kwa fimbo. Muhtasari uliandika wewe.

Basi nikakaa chini nikakumbuka vizuri, kwa mara ya kwanza tangu utoto. Siku ile tulikuwa watoto kama kumi nje ya darasa, chini ya dirisha. Watu wazima waliingia mmoja mmoja. Ndani palikuwa na mtungi wa kura na meza, na kwenye meza ulikaa wewe na daftari lililochanwa vipande vipande. Kijiji kizima waliojua kuandika walikuwa watatu: mtemi, Valerian mwenye duka, na wewe. Mtemi na Valerian waliandika zao, wewe karani hukupiga kura. Wengine wote waliinama, wakakunong'oneza sikioni jina la wanayemtaka, ukaandika. Jioni ukasimama mlangoni, ukafungua karatasi moja moja, ukasoma kwa sauti. Miaka arobaini na moja nimekuwa nayo picha hii kichwani na sikuwahi kufikiri inamaanisha nini, kwa sababu ulikuwa kaka yangu na nilikuwa najivunia kwamba wewe ndiye unayejua kuandika.

Uliandika jina la mama yako. Ukalisoma kwa sauti mara ishirini na tisa.

Hawakujua kusoma, Ndaki. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuchungulia karatasi akajua umeandika nini. Mtu akinong'ona Limi, ungeandika jina la punda wake. Ungeandika jina la marehemu yeyote. Kura zote zilipita kwenye mkono wako, na mkono wako ukafanya kazi safi kama uko kwenye mtihani wa serikali. Halafu unaniandikia kwamba ilitokea bahati mbaya, na unataka nifarijike. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Jana nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia, mara mbili.

Sasa nijibu jambo moja. Kuna kura isiyoandikwa kitu. Mtemi na Valerian walikuwa na hamu ya kuandika kuliko wote, hao hawakuacha karatasi tupu. Asiyejua kuandika naye hawezi kuacha karatasi tupu, maana haandiki yeye. Kwa hiyo karatasi ile uliiacha tupu wewe. Mtu aliinama, akakutajia jina, nawe hukuandika. Alikuwa nani, na alimtaja nani?

Vumilia


Runzewe
19 Mei 2024

Ndaki,

Wiki sita. Vaileth anasema kondakta alikukabidhi barua mkononi, ukaisoma umesimama pale pale barabarani, ukaondoka bila kuchukua chenji ya nauli ya mzigo. Kwa hiyo imefika.

Mama ameuliza kama umejibu. Nimemwambia una kazi nyingi za kamati. Hii ndiyo mara ya mwisho nakudanganyia.

Vumilia


Mwabugole, Maganzo
2 Juni 2024

Vumilia,

Sisi wazima. Sina habari nyingine.

Nimeanza barua hii mara nne. Nitaandika kama ilivyokuwa, nawe unihukumu.

Mtemi aliniita asubuhi ile akaniapisha mbele ya wazee kwamba nitaandika kila jina kama litakavyotajwa. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba na kozi fupi ya ualimu wa UPE, na kijiji kizima kilikuwa kinanipisha njiani na kuniita Mwalimu. Niliapa. Sikudhani jina la mama litatajwa hata mara moja, nakuapia.

Lilitajwa na mtu wa tatu. Nikaandika. Niliandika kwa sababu niliwaza, nikianza kubadilisha, tofauti yangu na wao ni nini? Nikibadilisha hili nimpe nani? Kila jina lilikuwa la mama wa mtu. Unasema ningeandika jina la punda. Nimelifikiria hilo tangu Aprili. Nilidhani uaminifu ni kuandika.

Mageni aliingia kama wa ishirini hivi. Aliinama akamtaja mama. Walikuwa wanalima mgongo kwa mgongo, Vumi, walikuwa wanachangia jembe la ng'ombe. Alimtaja kwa hofu, maana nje walikuwa wameanza kumtaja yeye. Nikaandika Limi.

Halafu mama akaingia. Alikuja mezani akanitazama usoni, akainama, akasema, "Mageni."

Hiyo ndiyo karatasi tupu.

Sikuandika kwa sababu niliona aibu. Wengine wote niliwaandika kama nilivyoapa, lakini mama yangu sikutaka awe kama wao. Nilitaka kuwe na mtu mmoja kijijini ambaye hakumtaja mtu. Nikaikunja karatasi bila kitu nikaitumbukiza kwenye mtungi, na nilijisikia nimemfanyia wema. Sikuwa nimehesabu. Nilikuja kujua jioni, nikiwa nimesimama mlangoni na ile karatasi mkononi, kwamba ningeandika alichosema zingekuwa ishirini na tisa kwa ishirini na tisa, na shauri lingefutwa, wote wangerudi nyumbani.

Ndiyo maana nilikuwa naangalia usukani. Haikuwa ng'ombe wa faini.

Sijamwambia mtu haya. Mariana hajui. Nakuomba kitu kimoja tu, usimsomee mama. Ana miaka themanini na sita. Mwache apumzike.

Ndaki


Runzewe
23 Juni 2024

Ndaki,

Nimemsomea.

Uliponiomba nisimsomee ndipo nilipoamua. Ulishamwamulia mara moja lipi la kuandikwa na lipi la kuachwa, ikatosha. Alikuwa barazani anapepeta choroko. Nilisoma barua yote, na pale penye jina la Mageni akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Mara ya tatu aliutupa ungo, choroko zikatapakaa uani, kuku wakazijia, na yeye ambaye huwafukuza kuku kwa punje moja hakuwatazama.

Akaniuliza, "Kwa hiyo sikumtaja?"

Nikamwambia, "Ulimtaja, Mayu. Ila Ndaki hakuandika."

"Na Mageni alinitaja mimi."

"Ndiyo."

Ndipo akaniambia yale ambayo hajawahi kunieleza. Mwaka 1996, hili nililiona mwenyewe, Mageni alikuja hapa Runzewe, amepanda mabasi mawili, ana jogoo mkononi. Mama alipomwona anaingia uani alikimbilia chumbani akaniambia niseme amekwenda Ushirombo hospitali. Nikasema hivyo. Mageni alikaa kwenye kile kigoda kutwa nzima, akaacha jogoo, akaondoka na basi la mwisho. Mimi nilidhani mama anamchukia. Kumbe alikuwa anamwonea haya. Miaka yote hii anaamini kwamba jina la Mageni aliliweka kwenye mtungi kwa kinywa chake, na kwamba kuna siku Mageni atajua. Hakurudi Mwabugole hata kwa maziko ya dada yake. Mimi nilidhani anawaogopa sungusungu, kumbe alikuwa anaogopa uso wa mtu mmoja, na mtu huyo alipanda basi kuja kumwomba radhi kwa jambo hilo hilo.

Wewe ulilijua. Ulikuwa unakutana na Mageni kisimani, anakuita mwana wa Limi, na ulikuwa unajua yaliyo moyoni mwake na yaliyo moyoni mwa mama. Neno moja kutoka kwako lingewakutanisha wakiwa bado wana macho ya kuonana. Kwa kura ile ulikuwa na miaka ishirini, labda siku moja nitakusamehe. Kwa miaka arobaini na moja iliyofuata sijui nianzie wapi.

Mama amekasirika. Ulisema apumzike, basi ujue ana nguvu kuliko sisi wote. Ameniambia nichukue kalamu. Amesema, "Andika kama ninavyosema, usinisaidie." Nilipomaliza amenifanya nimsomee, kisha akaniuliza kama kweli maneno yote yamo, hadi nikaapa. Haya hapa:

"Mimi ni Limi. Sikuhama Mwabugole, nilifukuzwa. Watoto wawili walikufa, watu wakatafuta wa kumlaumu, na mimi nilitafuta pamoja nao. Nilipofika mezani nilimtaja Mageni, kwa sababu nilisikia wananitaja, nikaogopa. Mageni alinitaja mimi, naye aliogopa. Mwanangu Ndaki aliandika la Mageni, langu akaliacha, kwa sababu aliona aibu kuwa na mama mwenye hofu. Kisha akanipita mlangoni siku arobaini bila kunisalimia. Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa miti ya pamba niliyopikia. Pamba hiyo ndiyo iliyomsomesha hadi akajua kuandika. Mageni na mimi hatukuwa wachawi. Tulikuwa wajane wawili wenye jembe moja."

Anasema hayo ndiyo ukurasa wa kumi na saba, na pasiongezwe neno. Yakiwamo, atakuja, na jukwaani hatakaa, atakaa popote Mageni alipokaa. Yasipokuwamo, haji, na siku atakapokufa nimekatazwa kukuletea taarifa. Nimemuuliza kama amemaanisha hivyo kweli. Amesema nikupelekee kama ilivyo.

Vumilia


Mwabugole, Maganzo
28 Julai 2024

Vumilia, na mama, shikamoo mama. Najua Vumilia anasoma kwa sauti.

Mwigulu amerudi, bega limepona, mwamba hawajaufikia. Mariana nimemweleza yote. Alisema nilimwoa nikiwa mtu mwingine, na kwamba atapika lakini nisimsemeshe kwa sasa.

Nilikwenda kwanza kwa Mageni. Nilimsomea maneno ya mama mbele ya mjukuu wake. Aliniomba karatasi akaishika, ingawa haoni, akaipapasa juu hadi chini. Akasema, "Mwana wa Limi, umekaa na maneno haya muda wote huu, unanipa mwangaluka kila siku?" Amesema jina lake libaki, na kwamba tarehe saba atakuwa kituo cha basi cha Maganzo tangu asubuhi kumpokea mama, mjukuu amepewa maagizo ya kumshika mkono.

Halafu nikaupeleka ukurasa kwenye kamati. Marselino aliusoma akauweka mezani kifudifudi. Alisema baba yake hatatukanwa kwenye sherehe ambayo ng'ombe ni wake. Nikasema humo jina la baba yake halimo, mtu pekee anayetukanwa humo ni mimi. Akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwamba mwalimu mzima najidhalilisha na kukidhalilisha kijiji. Wakaamua kwa kunyoosha mikono, kumi na mmoja kwa mmoja. Ukurasa wa kumi na saba uondolewe wote, hata ile mistari mitatu ya zamani.

Ukaondolewa. Ila mpiga chapa wa Shinyanga alikuwa amekwisha kupanga kurasa, hakutaka kuanza upya. Amechapa kama ulivyo, namba chini na juu hakuna kitu. Vitabu mia mbili vimeletwa Jumatatu kwenye maboksi, na vimewekwa kwangu kwa sababu mimi ndiye katibu na nyumba yangu haivuji. Vitagawiwa siku ya sherehe, kila kaya kimoja.

Najua watakachonifanyia wakivifungua. Tayari kuna watu wawili ambao jana hawakuitikia salamu yangu.

Tangu Jumatatu nimekaa mezani na peni nyeusi. Naandika maneno ya mama kwenye kila kitabu, ukurasa wa kumi na saba, kwa mwandiko wa darasani ili hata mtoto wa la tatu ayasome. Sijaongeza neno. Leo nimefika kitabu cha mia moja na kumi na nne, kidole kimevimba nimekifunga kitambaa. Kila nikifika pale pa aibu mkono unataka kuruka mstari, na kila mara nimeuandika.

Ndaki